Kiti cha Muthomi

Siku ya soko Embu, mtu mwenye akili timamu hapiti kwenye msongamano ule akiwa amebeba kiti kichwani. Kiende Riungu alipita. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi hadi kwenye nyusi na kuvaa miwani ya jua iliyomfunika nusu ya uso, halafu chini akavaa gauni la kitenge la manjano linaloonekana toka ng'ambo ya barabara. Nani alimwambia kwamba hivyo ndivyo mtu maarufu anavyojificha, mimi sijui.

"Haiya! Si huyo ni Kiende wa runinga?" mwuza nyanya mmoja akasema.

"Ndiye. Na hicho kichwani ni kile kiti chenyewe. Mungu wangu!"

Mahali pengine wangemkimbilia wapige picha naye. Lakini walipokiona kile kiti, walimpisha. Akina mama walivuta vikapu vyao, mzee mmoja akavua kofia, na kijana wa mkokoteni akasimama kimya. Walimpisha jinsi watu wanavyopisha jeneza.

Mguu wa nyuma wa kiti ulikuwa umevunjika asubuhi ile kiliposhushwa kutoka kwenye gari la kituo. Jioni toleo maalumu la kipindi chake, Kiti cha Tatu, lilikuwa lirushwe moja kwa moja kutoka ukumbi mmoja pale Embu. Vijana wa kazi waliomba wakipeleke wao kwa fundi, akawafokea mpaka wakanywea. Kiti kile hakukiacha mikononi mwa mtu.

Safu ya mafundi ilinuka vanishi na mbao mbichi. Kibanda cha mwisho kilikuwa cha Mutugi Njoka, mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye koti la buluu lililojaa unga wa mbao na penseli iliyokaa sikioni kana kwamba alizaliwa nayo.

"Karibu, mama. Mgonjwa ana nini?"

"Mguu."

"Wako ama wa kiti?"

Kiende hakucheka. Mutugi akakipokea kiti, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa. "Huu ni muuru. Mti wa kwenu Meru, mti mgumu. Huu haukuvunjika wenyewe, umeangushwa."

"Utapona?"

"Wewe kaa hapo kwenye benchi. Hili benchi haliumi."

Alifanya kazi bila haraka, akitia gundi, akipigilia kigingi cha mbao, huku akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya puani. Hakuomba picha. Hakuuliza lolote. Hilo lilimkera Kiende, maana aliyezoea kutazamwa hukerwa asipotazamwa.

"Fundi, wewe hunijui?"

"Nani hakujui? Mama yangu akikuona kwa runinga analia mpaka anasahau sufuria motoni. Kila Jumapili kwetu tunakula chakula kilichoungua. Vidonda vya tumbo nilivyonavyo, ni wewe umenipa."

Hapo Kiende alicheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, cha msichana wa kwao Maua, akashika mdomo kwa aibu. Mutugi akainua macho kwa mara ya kwanza, na akatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mteja.

Kisha akakisimamisha kiti, akakunguta koti lake, akageuka ili akikalie.

"Usikalie!"

Kiende alikuwa ameruka kutoka kwenye benchi na kumshika koti kwa mikono miwili. Nyundo za vibanda vya jirani zikanyamaza.

"Pole, mama, lakini kiti hakijaribiwi kwa macho. Kinajaribiwa kwa makalio, niwie radhi."

"Hiki hakikaliwi."

"Basi si kiti. Ni nini?"

Mwanamke aliyewauliza mawaziri na maaskofu maswali ya kuwatoa jasho aliliachia koti, akakikumbatia kiti. Mutugi akapunguza sauti.

"Chukua. Lakini malipo sitaki, kazi yangu haijaisha. Baba hakuwahi kumrudishia mtu kiti ambacho hakukikalia, na babu pia. Hii hapa nambari yangu. Siku kikianza kulia, nipigie."

*

Tuseme ukweli wa kile kiti, maana wengi wanaupotosha.

Kiende hakuanza na runinga. Alitoka shule ya wasichana kule Kaaga na sauti yake nzito tamu, akapata kazi katika redio ndogo ya Meru, kusoma matangazo ya vifo. "Jamii ya fulani inasikitika kutangaza..." Watu walisema ukitangazwa na Kiende hata kufa si kubaya. Mwishowe kituo cha runinga kikamchukua, kikampa kipindi chake cha mazungumzo.

Wageni wa siku ya kwanza aliwachagua mwenyewe: mchumba wake Muthomi, mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua, na mama ya Muthomi, Bi. Gatakaa. Posa ilikuwa imeshapelekwa. Bi. Gatakaa mwenyewe ndiye aliyefunga ncoolo, kile kitita maalumu cha miraa ambacho mchumba humpelekea baba wa msichana. Mzee Riungu, babake Kiende, alikifungua, na kwetu baba akikifungua amekubali. Iliyobaki ilikuwa ni kuwatania wachumba mbele ya watu.

Viti vilikuwa vitatu. Kiende kwenye cha kwanza, Bi. Gatakaa kwenye cha pili, na cha tatu kikimngoja Muthomi, aliyekuwa amepeleka mzigo Nairobi tangu alfajiri na alikuwa njiani anarudi. Kamera zikawashwa. Muthomi hajafika. Kiende akafanya alichokijua, akageuza aibu kuwa mzaha.

"Watazamaji, bwana wangu mtarajiwa amechelewa! Muthomi, popote ulipo, naapa mbele ya mama yako na mbele ya Kenya nzima, kiti hiki hakitakaliwa na mtu mwingine mpaka uje ukikalie mwenyewe. Sikia, nakungoja!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Bi. Gatakaa akapiga makofi. Wakati huo Muthomi alikuwa amelala kwenye kona moja kabla ya kufika Chuka, pikapu imepinduka juu yake, na shati jipya la kuvaa kwenye kipindi likiwa bado ndani ya karatasi.

Wazee wetu husema usimwahidi mfu. Aliye hai unaweza kumwomba akuachilie. Mfu hana tena mdomo wa kukuachilia. Kiende aliapa bila kujua anamwapia nani.

Alipomaliza matanga alirudi studio, akakigeukia kile kiti kitupu na kuzungumza nacho, na nchi nzima ikalia naye. Tangu hapo ndivyo kipindi kilivyokuwa. Mgeni hukaa cha pili, akasimulia aliyempoteza, na mwishoni Kiende humwambia taratibu, "Mgeukie. Mwambie." Watu wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa Kiende, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Na kuna jambo ambalo hakumwambia mtu, hata Lenah, rafiki yake aliyeongoza kipindi. Kila Jumapili kabla ya taa kuwashwa, kiti kile kilinuka miraa mbichi na chingamu ya mnanaa. Muthomi alitafuna vyote viwili pamoja. Kiende alikuwa akiinama kana kwamba anafuta vumbi, akavuta pumzi, kisha akaenda kuwaliza watu.

*

Kiti kilianza kulia hata mwezi haujaisha.

"Fundi, kinalia."

"Kinalia namna gani? Kama mlango ama kama mtoto?"

"Kama mtu."

Upande wa pili wa simu Mutugi akaweka nyundo chini. "Basi hiyo si gundi, malkia."

"Usiniite malkia."

"Nikuite nani? Mama yangu anakuita 'yule wetu.' Nikuite yule wetu?"

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Alipiga kuhusu kiti, wakaongea kuhusu mvua. Akapiga kuhusu mvua, wakaongea mpaka chai ikapoa. Akawa anakula chakula cha mchana na simu sikioni, anacheka peke yake, na Lenah akimtazama kwa jicho la upande.

"Huyo fundi anatengeneza kiti ama anatengeneza wewe?"

"Wivu utakuua, Lenah."

Jumamosi moja Mutugi akapanda hadi Meru, nyumbani kwa Kiende karibu na Kinoru. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, viatu vinang'aa, na kwapani amebana kigoda kidogo cha miguu mitatu.

"Hicho cha nini?"

"Cha kukalia. Nimekuja na cha kwangu, nisigombane na mwenyeji."

Kiti, ambacho kila baada ya kipindi alirudi nacho nyumbani, kilikuwa sebuleni, kimeelekea mlangoni, kimefunikwa kitambaa cheupe. Wanaume wengine waliowahi kufika pale waliona kitambaa kile wakakumbuka ghafla kwamba wana safari. Mutugi aliweka kigoda chake kando, akaketi, akala mukimo na nyama, akasifu, akaongezewa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Hata hivyo pindo la kitambaa likatikisika, mara moja, kama mtu aliyekunja nne.

"Umeona?" Kiende akanong'ona.

"Nimeona." Mutugi akaweka sahani chini. "Anakasirika nikija?"

"Sijui. Hasemi. Ndilo tatizo lake, hasemi."

"Basi nitasema mimi, na yeye asikie. Nakupenda, Kiende. Nakupenda na kilio chako chote. Lakini nimekaa nikafikiri. Mbele yako nitakuwa mtu wa kigoda siku zote? Siku moja mgongo utaniuma, mpenzi."

Machozi yakamjaa Kiende machoni. Alimpenda, jamani. Alimpenda mpaka akaogopa. Kila alipokwenda Embu kumwona, ilimbidi apite ile kona ya karibu na Chuka, na kila alipoipita alizima redio, akafungua dirisha na kusema, "Nakuja sasa hivi, Muthomi, sikawii." Alikuwa akiomba ruhusa kwa barabara.

"Nipe muda, fundi wangu," akamwambia.

"Muda ninao. Mbao za muuru hukauka polepole."

*

Ilipokaribia Jumapili ya kumbukumbu ya Muthomi, ambayo kila mwaka ilitazamwa kuliko nyingine zote, mguu ule ulikuwa umelegea vibaya. Kiende hakuwa na jinsi. Akakipeleka Embu, akakiacha kibandani.

"Tengeneza. Lakini unajua."

"Najua," Mutugi akasema, na hakuahidi.

Ijumaa akakichukua. Mutugi akamshika mkono kwa muda, akasema, "Tutaongea." Kiende alikuwa na haraka. Alipofika Kinoru akakiweka mahali pake, akapiga magoti, akavuta pumzi.

Vanishi. Vanishi na gundi, basi.

Akavuta tena. Akalaza shavu kwenye mkono wa kiti. Hakukuwa na miraa wala mnanaa. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo haikuwahi kuwa. Hapo ndipo simu ilipolia. Lenah alikuwa amemtumia picha.

Mutugi alikuwa ndani yake, kibandani, jua la jioni likimpiga usoni. Amekaa kwenye kiti cha Muthomi, mikono juu ya mikono ya kiti, macho amefumba. Jirani fulani mwenye simu na mdomo mrefu ndiye aliyeipiga, na watu maelfu walikuwa wameshaitupiana. Chini mtu ameandika: "Fundi akalia kiti cha marehemu. Kiende naye amekaliwa?"

Akapiga simu huku vidole vikiteleza.

"Mutugi, ulikikalia?"

"Nilikikalia. Jana jioni."

"Kwa nini?"

"Mara ya kwanza ulinizuia, na ndiyo sababu mguu ulilegea, sikuusikia uzito wake. Kingeanguka mbele ya watu, Kiende. Ni kazi. Nilimwomba radhi kwanza."

"Ulimwomba nani?"

"Muthomi. Nikamwambia, ndugu yangu, nisamehe, ni kazi tu. Halafu nikakaa. Halafu sikutaka kuinuka. Nilisikia kama mtu amenipisha."

"Umemfukuza!" Kiende akapiga yowe. "Nilikuwa na harufu yake tu. Harufu tu, Mutugi! Hata hiyo umenichukulia!"

"Kiende, mpenzi..."

"Usiniite. Usinipigie tena."

Kesho yake Lenah akaja na ujumbe kutoka kwa wenye kituo. Watu wamechukia, wadhamini wamechukia. Ama Kiende amkane yule fundi Jumapili mbele ya nchi nzima, aseme alikikalia kiti kama mwizi, ama kipindi kife.

"Nitamkana," Kiende akasema. Macho yake yalikuwa makavu. "Andika, nitasoma."

"Una hakika? Wewe unampenda."

"Nimesema andika."

Lenah alikuwa hajafika getini simu ilipolia tena. Ilikuwa sauti ambayo Kiende hakuwa ameisikia kwa miaka, kwa sababu aliogopa kuisikia.

"Muga, Kiende," ikamsalimu kwa Kimeru. "Ni mimi, mama Muthomi. Nimeona picha. Kabla hujafungua hicho kinywa chako kesho, njoo Maua."

*

Maua ilikuwa na fujo yake ya kila siku, pikapu zinapiga honi, vijana wanarusha vitita, kila mtu anakimbizana na miraa isinyauke. Kiende alipita katikati ya yote hayo akiamini anakwenda kulaaniwa. Amevaa nyeusi tupu, hata hereni hakuvaa.

Bi. Gatakaa alikuwa barazani, mdogo, mkavu, amejifunga leso kiunoni, anafunga miraa. Vidole vyake vilipanga vijiti, vikafunika jani la mgomba, vikazungusha uzi wa ganda la mgomba na kukaza, bila yeye kuangalia.

"Kaa, mwanangu."

"Mama, nisamehe. Sikujua atakikalia. Nilikilinda kile kiti, naapa..."

"Usiape tena. Kuapa kwako kumetutosha."

Kiende akaketi kwenye ukingo wa baraza.

"Wewe unauliza watu maswali," Bi. Gatakaa akasema. "Kenya nzima umeiuliza. Mimi mbona hujawahi kuniuliza? Hujawahi kuniuliza kama nataka mwanangu aendelee kukaa kwako."

"Niliogopa, mama. Tulikuwa wote siku ile. Ulipiga makofi."

"Nilipiga. Makofi hayo nayasikia mpaka leo." Uzi ukakatika mkononi mwake, akachukua mwingine. "Kila Jumapili nazima runinga, lakini najua yuko pale. Mtu akifa njiani, roho yake inatafuta nyumbani. Mimi nilimzika hapa, nyuma ya migomba, nikamwambia mwanangu umefika, lala. Wewe ukamwita kule. Ukamwambia njoo, nakungoja. Wiki baada ya wiki, nakungoja, nakungoja. Sasa angelala vipi?"

Kiende akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alilia kilio kibaya kisichofaa kwa kamera, cha kamasi na kwikwi. Bi. Gatakaa akamwacha alie.

"Ile chingamu yake," mama akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Miraa hapa inanuka kila mahali, hiyo si kitu. Lakini mnanaa? Juzi Alhamisi jioni nilikuwa nachota maji kwenye tangi. Mnanaa, mwanangu. Hapa, begani pangu. Nikageuka, hakuna mtu. Mbwa akatikisa mkia akitazama kwenye migomba."

"Alhamisi jioni," Kiende akarudia. "Ndipo Mutugi alipokikalia."

"Ndipo. Mwenzake alimpokea zamu, akaja nyumbani." Bi. Gatakaa akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Lakini neno ulilolisema mbele ya watu halifutwi barazani. Linafutwa mbele ya masikio yaleyale. Kesho nakuja. Niwekee asali."

*

Ukumbi pale Meru ulijaa hadi milangoni. Kiende alitoka akiwa na gauni jeupe refu, karatasi ya kumkana Mutugi mkononi. Viti vitatu chini ya taa. Akaketi kwenye cha kwanza.

"Mgeni wetu wa leo ni mgeni wetu wa siku ya kwanza."

Bi. Gatakaa akaingia polepole na kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa. Akafika kwenye kiti cha pili. Akakipita. Mtu akashusha pumzi kwa nguvu. Akafika kwenye cha tatu, akakishika mkono, akageuka, na akakaa.

Ukumbi mzima uliguna. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Uuui!"

"Nyamazeni," Bi. Gatakaa akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Nani ana haki kuniinua? Basi sikilizeni. Muthomi hayuko hapa. Alishafika nyumbani. Mliozoea kuja kumlilia hapa, asanteni, lakini mwanangu amelala, msimpigie kelele. Na huyu msichana aliapa akicheka, hakujua anamwapia mfu. Kwa vile yeye hana mdomo, mimi nitakuwa mdomo wake. Kiende, njoo."

Kiende akapiga magoti mbele ya kile kiti. Mama akainua kikombe cha maji ya asali, akapiga funda moja, akamnyunyizia kifuani kama wazee wafanyavyo wanapobariki, matone yakalowesha gauni jeupe.

"Amekuachilia. Ondoka hapo, uolewe, uzae, uzeeke. Usimngoje tena mwanangu."

Nyuma ya kamera Lenah alikuwa analia waziwazi, amesahau hata kuamuru kamera ipi ionyeshwe. Kiende akainuka, akaipasua ile karatasi, akaitazama kamera.

"Niliombwa nimkane mtu leo. Anaitwa Mutugi Njoka, fundi wa Embu. Hakuiba kiti. Alimaliza kazi. Mimi ndiye niliyemzuia, na nikamfokea, na nampenda. Kiti cha Tatu kimeishia hapa. Kama kesho nina kazi au sina, sijui. Muthomi, lala salama. Sikungoji tena."

*

Siku ya soko iliyofuata alishuka Embu. Kwenye ile kona ya karibu na Chuka alipunguza mwendo kwa mazoea, akafungua dirisha. Upepo uliingia na harufu ya mvua, hakuna kingine. Aliendesha maili nzima akilia, maana kuachiliwa nako kunauma, na asiyejua hilo hajawahi kuachiliwa.

Kule sokoni akabeba kiti kichwani, gauni lilelile la manjano, bila miwani, bila kitambaa. Hakuna aliyempisha.

"We mama, sogeza hicho kiti, utanitoboa jicho!" kijana wa mkokoteni akafoka.

Hakuna kilichowahi kumfurahisha hivyo.

Mutugi alikuwa anapiga msasa mlango wa kabati. Alimwona, akaendelea kupiga msasa.

"Fundi."

"Mama."

"Usiniite mama. Hukutazama runinga Jumapili?"

"Mama yangu alitazama. Sufuria imeungua mpaka ikatoboka." Msasa ukasimama. "Uliniumiza, Kiende. Ulinifokea kama mbwa aliyeingia kanisani."

"Najua. Niwie radhi." Akashusha kiti. "Nilipenda harufu nikasahau mtu aliye hai. Ukinifukuza nitaondoka. Ila kiti nakuachia, ni kazi yako."

Mutugi akautoa ule msasa mkononi, akaikunguta mikono, akaonekana hajui aiweke wapi. Mwishowe akaiweka mabegani pa Kiende, na gauni la manjano likapata unga wa mbao, wala hakuna aliyejali.

"Nikikufukuza nitampigia nani simu ya mvua?" akasema. "Nataka kukuoa, yule wetu. Niambie kwa baba yako naanzia wapi."

"Kwa ncoolo. Kitita cha miraa. Akikifungua, umekubaliwa. Kikifungwa vibaya hakigusi."

"Mimi mtu wa Embu kitita cha miraa nitakijulia wapi? Nipige msumari?"

Simu ya Kiende ikalia. Akaisikiliza kidogo, akajibu, "Tumekubaliana, ila kufunga miraa hajui," kisha akamnyooshea Mutugi, midomo ikimcheza.

"Ni wewe yule fundi?" sauti kavu ya Bi. Gatakaa ikauliza. "Nasikia hamjui kufunga miraa huko kwenu. Njoo Maua Jumamosi. Kitita nitakifunga mimi. Nilikifunga cha mwanangu kikafunguliwa, na cha kwako kitafunguliwa. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama," Mutugi akasema.

Akapapasa nyuma yake bila kutazama, akakipata kile kiti cha muuru, akakaa, akafunika uso kwa mikono na kulia. Kiende akasimama kando yake, akategea sikio, maana mazoea hayafi siku moja.

Kiti hakikulia.